Figo za Panya na Presha ya Mama

Mama alikuwa amekunywa ile mizizi kwa miaka mingi kabla mimi sijaanza kuwanywesha panya. Alikuwa na presha. Iligundulika akiwa bado anafundisha shule ya msingi, siku aliposhika meza mbele ya darasa kwa sababu ubao ulikuwa unazunguka. Kliniki walimpa vidonge. Mwanzoni alivinywa kwa bidii, halafu akawa anavinywa akikumbuka, halafu siku kichwa kinapomgonga tu. Mizizi hakuisahau hata mara moja.

Mizizi ilitoka Mgeta, kwa dada yake, yaani mama yangu mkubwa. Aliichimba kwenye ardhi ya ukoo, ambayo kwetu Waluguru hurithiwa kwa upande wa mama, akaikata vipande vidogo, akaianika kwenye ungo kivulini, kisha akampa dereva wa lori la kabichi amletee mdogo wake mjini. Mama aliichemsha jikoni kwetu Kihonda mpaka maji yakawa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Nilikua nikiijua harufu ile kama ninavyoijua harufu ya sare za shule zilizopigwa pasi.

Jina la mmea wenyewe sitalitaja. Ni kichaka cha kawaida, kinaota pembezoni mwa mashamba na kwenye kingo za makorongo, na nikilitaja kuna mtu atakayesoma mwanzo tu wa habari hii, akaenda kuchimba.

Nilipoanza shahada ya pili katika chuo kikuu hapa Morogoro, msimamizi wangu, profesa wa dawa za mifugo mwenye sauti ya chini na mwendo wa taratibu, aliniambia nitafute mmea ambao watu wanautumia kweli majumbani. Sikuhitaji kufikiri. Nilimtajia ule wa mama. Aliniuliza kwa nini huo, nikamjibu mambo ya kitaalamu, lakini ukweli ni kwamba nilitaka kuthibitisha kuwa mama yuko sahihi. Nilitaka siku moja niweke karatasi mezani na kumwambia, unaona, ulikuwa unajitibu.

Mama alifurahi kuliko mimi. Jumapili ile ile, baada ya misa, aliwaambia wanajumuiya wenzake kwamba mwanawe anaipima dawa yake chuo kikuu. Nilimwomba asiseme hivyo, kwa kuwa hatujaanza, hata kibali hakijatoka. Akasema hajasema imepimwa, amesema inapimwa.

Panya wetu walikuwa weupe, wenye macho mekundu, wapole kuliko mtu anavyodhani. Waliishi kwenye vizimba vya plastiki vilivyotandikwa maranda ya mbao, na chumba chao kilikuwa safi kuliko chumba changu. Wengine tulikuwa tumewanywesha maji ya chumvi kwa muda mrefu mpaka presha zao zikapanda. Wengine walikuwa wazima. Tuliwagawa: kundi moja lilipata maji matupu, na mengine yalipata maji ya mizizi, kidogo, ya kati, na mengi. Unamshika panya kwa upole nyuma ya shingo, unapitisha sindano butu mdomoni hadi tumboni, unasukuma taratibu, unamrudisha. Hapigi kelele. Anajipangusa uso kwa mikono miwili kama mtu aliyemaliza kula.

Presha hupimwa mkiani. Panya huingizwa kwenye kifungio chenye matundu, mkia unabaki nje, unapashwa joto kidogo, kisha kimkanda kinaubana na mashine inasoma. Sharti panya awe ametulia. Akiwa na hofu, namba inaruka na haina maana.

Kwangu walikuwa hawatulii. Sikuelewa kwa nini. Mtaalamu wa maabara, kijana wa Kilosa aliyependa kuimba kwaya chini chini akifanya kazi, alipima panya wale wale na namba zake zikaja sawasawa. Mimi nikipima, zinapanda. Profesa alisimama mlangoni akaniangalia nikifanya kazi kwa muda, kisha akasema bila ukali, "Toka nje kwanza. Wewe ndiye unayewapandisha presha."

Nilitoka. Nikazunguka jengo, nikarudi mlangoni, nikazunguka tena. Ukungu ulikuwa umeshuka mlimani mpaka kwenye miti ya chuo, na nguo zangu zililowa bila mvua kunyesha. Toka siku hiyo kazi yangu ikawa kunywesha, kupima uzito, kukusanya mkojo na kubadilisha maranda. Kupima presha akafanya yule kijana wa Kilosa, na mimi nikawa nasubiri nje kama ndugu wa mgonjwa.

Namba zilianza kushuka. Panya wenye presha waliopata mizizi, hata ile kidogo, walikuwa wanashuka wiki hadi wiki, na wale wa maji matupu walibaki palepale. Nilishindwa kukaa kwenye kiti. Nilikwenda sokoni bila kuwa na kitu cha kununua, nikarudi na mchicha. Mama aliponipigia simu kuniuliza, nilimjibu kwamba bado tunapima na sina la kumwambia. Nilijitahidi kuifanya sauti yangu iwe ya kawaida. Lakini mtu aliyekuzaa na akafundisha watoto maisha yake yote huwezi kumficha sauti. Hakuuliza tena. Nilipokwenda nyumbani mwisho wa wiki nilikuta akina mama wawili wa jirani wamekaa kwenye mkeka barazani, kila mmoja na kikombe, na mfuko uliokuwa umetoka Mgeta ulikuwa mkubwa kuliko kawaida.

Kilichofuata nilikiona kwa mikono kabla ya macho. Asubuhi moja nilikuwa nabadilisha maranda, na vizimba vya wale waliokuwa wanapata mizizi mingi vilikuwa vizito. Maranda yalikuwa yamelowa mpaka chini. Chupa zao za maji zilikuwa tupu, wakati za wengine zilikuwa na maji zaidi ya nusu. Nikadhani chupa zinavuja. Nikazibadilisha. Kesho yake ilikuwa vilevile. Panya hao walikuwa wanakunywa na kukojoa, wanakunywa na kukojoa, na baada ya muda manyoya yao yakaanza kusimama ovyo, mgongo ukapinda, wakawa hawaji mbele nikifungua kizimba. Halafu mmoja akafa.

Tuliwatoa damu kidogo wote. Kuna taka ambayo misuli ya mwili huizalisha kila siku na figo nzima huitoa nje kwa mkojo. Inaitwa kreatinini. Ikijazana kwenye damu ujue figo zimeanza kushindwa kazi. Kwa panya waliopata mizizi mingi ilikuwa imejazana. Kwa wale wa kipimo cha kati ilikuwa imepanda kwa baadhi, kwa wengine haijapanda. Kwa wale wa kidogo, hakuna.

Nilimpelekea profesa. Aliziangalia namba kwa utulivu wake ule ambao siku hiyo ulinichoma. Akaniambia hilo ni jambo jema kwa utafiti, kwamba dawa inayoshusha presha na kuumiza figo ni habari inayostahili kuandikwa. Akasema tusubiri vipande vya figo vikatwe, vitiwe rangi, tuviangalie kwa darubini.

Nikamwambia mama yangu anainywa.

Aliziweka karatasi za namba mezani. Sidhani kama nilikuwa nimewahi kumwambia. Kisha akaniuliza anakunywa kiasi gani, na hapo ndipo nilipogundua kwamba sijui. Hakuna aliyewahi kujua. Mama huchukua konzi, akatia kwenye sufuria, akachemsha, akanywa. Konzi ya nani, sufuria gani, ichemke mpaka lini, hayo hayakuwa na jibu.

"Usipeleke nyumbani nusu ya jibu," profesa alisema.

"Na nusu nyingine nikiipata mama ameshavimba?"

Aliniruhusu kuazima mizani ndogo ya maabara.

Nilifika Kihonda mchana, mama akiwa anachambua mchele. Nilimwambia nataka aichemshe dawa kama kawaida yake, nami nitapima kila hatua. Aliona jambo la kuchekesha. Alichota konzi akaniwekea kwenye mizani, nikaandika, akarudisha, akachota tena nikaona imekuwa nzito zaidi. Tulirudia. Kila konzi ilikuwa na uzito wake.

"Sasa unanipima mimi au unaipima sufuria?" aliniuliza.

Nilikaa kwenye kigoda nikapiga hesabu, nikalinganisha uzito wa mtu na uzito wa panya kwa namna tunavyofundishwa. Nilikuwa naomba Mungu nimkute mama karibu na kundi la kidogo. Alikuwa juu ya hapo. Hakufika kwa wale wa mizizi mingi, lakini alikuwa anakaribia kundi la kati, lile ambalo wengine wameumia na wengine hawajaumia. Na hayo ni kama konzi ni ndogo.

Nikamweleza. Nilianza vizuri, kwa utaratibu, kisha nikaanza kusema haraka haraka, nikasimama, nikafungua dirisha, nikalifunga. Mama aliendelea kuchambua mchele. Nilipomaliza akaniuliza kama hao panya walikuwa na presha ya kurithi kwa mama yao kama yeye. Nikasema hapana, tuliwapa chumvi. Akauliza kama presha zao zilishuka. Nikasema zilishuka. Akasema basi dawa inafanya kazi, na kuhusu figo, yeye ameinywa miaka yote na anakojoa vizuri.

"Mama, panya wale nao walikuwa wanakojoa vizuri. Walikojoa mno."

Nilimwomba twende hospitali akatolewe damu. Alikataa. Alisema mimi si wa kumchoma sindano kwa ajili ya masomo yangu, na kwamba kama nina neno juu ya mizizi, mizizi ina mwenyewe, niende nikaongee na mama yangu mkubwa. Yeye akisema iachwe, itaachwa.

Kwa mama, huo ulikuwa mwisho wa mazungumzo. Kwangu ilikuwa safari.

Nilipanda na lori lililokuwa linarudi tupu kutoka Dar, nikakaa mbele na dereva, ambaye ndiye aliyekuwa akituletea mifuko ya mizizi. Aliniambia kwamba siku hizi anabeba ya watu wengi. Kuna wa Kilakala, kuna hata wa Dar. Alisema kwa kujivunia, akijua dawa ni ya kwetu. Nilishika mkono wa mlango njia nzima, na si kwa sababu ya makona.

Juu kulikuwa na baridi. Nilipanda kwa miguu kile kijia cha kwenda kwa mama mkubwa huku miteremko ya mlima ikiwa imepandwa njegere, karoti na kabichi hadi mahali ambapo usingedhani mtu anaweza kusimama na jembe. Nilimkuta kwenye ngazi ya juu ya shamba lake, amevaa sweta la kiume, anachuma njegere.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hujasema unakuja? Mama yako mzima?"

Nilimwambia ni mzima. Tukashuka hadi uani, akaniwekea bakuli la plamu, akakaa kwenye gogo na beseni la njegere magotini. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Morogoro. Niliyasema yote vibaya. Nilimweleza habari za panya, za presha iliyoshuka, za maji, za mkojo, za mmoja aliyekufa na wengine waliofuata baadaye, na za figo. Alisikiliza huku akimenya. Aliponisikia nikitaja figo, mikono yake ikasimama.

"Figo," alisema. "Hilo neno nililisikia kwa nesi, siku tuliyompeleka baba yako mkubwa hospitali."

Baba mkubwa alikuwa fundi seremala. Alifariki nikiwa mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza, mbali na nyumbani, nami niliambiwa ni moyo. Ndugu wengine walisema alirogwa na watu waliogombea mti wa mbao. Sikuwa nimemsikia mtu yeyote akisema figo.

Mama mkubwa alinisimulia kwa sauti ya kawaida kabisa. Kwamba mumewe alikuwa na presha, na yeye ndiye aliyemwanzishia mizizi. Kwamba ilimsaidia, kichwa kiliacha kuuma, akarudi kwenye randa lake. Kwamba baadaye akaanza kuamka na uso uliovimba, kisha miguu, mpaka akaacha kuvaa viatu.

"Alipoanza kuvimba nilimwongezea," alisema. "Asubuhi, mchana, jioni. Alikuwa hataki, anasema imekuwa chungu mno. Nilikuwa namshikia kikombe mdomoni."

Alimenya ganda moja, njegere zikaanguka kwenye beseni.

"Sasa niambie wewe uliyesoma. Nilimuua?"

Nimewahi kusimama mbele ya wataalamu wakanihoji mpaka jasho likanitoka, lakini sijawahi kuulizwa swali kama lile. Nilitaka kusema hapana. Lilikuwa neno dogo na lingetosha. Nilimwangalia usoni nikaona kwamba angejua nasema uongo.

"Sijui, mama mkubwa," nikasema. "Presha peke yake inaharibu figo. Inawezekana zilikuwa zimeshaharibika kabla hajaanza kuvimba. Inawezekana dawa iliongeza. Hakuna mtu anayeweza kujua sasa."

"Lakini huwezi kusema hapana."

"Siwezi."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesomewa bei ya kitu ambayo tayari alishaikadiria. Kisha akanisogezea upande mmoja wa beseni, nami nikaanza kumenya. Tulimenya zote. Hatukuongea tena habari hiyo. Alinipikia ugali na njegere, akaniuliza habari za uchumba wangu ambao ulikuwa umekufa siku nyingi, akanipa blanketi zito. Mimi niligeuka na kugeuka kitandani. Sijui yeye alilala au hakulala.

Asubuhi nilipotoka nje kunawa nilimkuta amevaa kitenge chake cha kanisani na viatu vya kufunga, mkoba begani. Amemwomba jirani amfungulie kuku. Hakuniuliza kama ni sawa aje. Tulishuka pamoja na lori la karoti, tukibanana mbele, na kila mtu aliyetusimamisha njiani kumpa dereva mfuko wa mizizi wa kupeleka mjini, mama mkubwa alitoa kichwa dirishani akamsemesha kwa Kiluguru. Wawili walirudi na mifuko yao. Mmoja alimcheka, mfuko ukapanda.

Mimi nimelelewa mjini. Kiluguru nakisikia nusu nusu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya yale waliyosema wale madada wawili sebuleni Kihonda sikuyapata. Nilisimama mlangoni, nikaenda jikoni, nikarudi. Nilimsikia mama mkubwa akitaja jina la marehemu mumewe, na nilimwona akinyanyua mkono na kuupeleka mbele, kama mtu anayemnywesha mtoto. Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Halafu akainuka, akaingia chumbani, akatoka na kitambaa chake cha kichwa.

"Haya," akaniambia. "Twende kwenye hiyo damu yako."

Walitolewa wote wawili, kwa kuwa mama mkubwa naye alikuwa anainywa tangu ujana. Kusubiri majibu ya panya kulikuwa kugumu, lakini panya sikuwahi kulala nao kitanda kimoja nikiwa na homa ya malaria. Nilisafisha nyumba yote. Niliosha hata mapazia yaliyokuwa safi. Mama alinitazama, akamwambia dada yake kwamba mtoto huyu alikuwa hivi tangu tumboni.

Figo za mama zilikuwa zimechoka. Daktari, mwanamama kijana mwenye asili ya Tanga aliyemwamkia mama kabla hajakaa, alisema hazijafika pabaya. Hakuweza kusema ni presha au ni mizizi, au ni vyote viwili. Alisema la mizizi liishe leo na vidonge vianze leo, kila siku, uumwe usiumwe. Za mama mkubwa zilikuwa nzima kabisa, za mtu wa umri mdogo. Aliposikia hivyo hakufurahi. Alimwangalia daktari kana kwamba kuna kosa, akauliza kama wanaweza kurudia.

Hata mimi jambo hilo lilinisumbua, na bado linanisumbua. Mizizi ile ile, ardhi ile ile, na konzi zile zile zisizo na kipimo.

Majibu ya darubini yalikuja baadaye. Ndani ya figo kuna vijia vyembamba ambavyo kuta zake zimepangwa seli moja moja kama vigae. Kwa panya waliopata mizizi mingi, vigae vilikuwa vimebanduka na vimeziba njia. Kwa kundi la kati, hapa pamebanduka, pale pazima. Kundi la kidogo lilikuwa safi. Na kulikuwa na wachache ambao tuliwapumzisha baada ya kuwanywesha, tusiwape mizizi tena. Hao kuta zao zilikuwa zinaanza kujijenga upya. Nilimuuliza profesa kama na kwa binadamu ni hivyo. Alivua miwani, akaifuta. "Hilo hatukulipima," alisema. Kisha akanipongeza. Alikuwa amefurahi kweli, na nilikuwa na haki ya kufurahi naye, maana ilikuwa kazi nzuri. Nilimshukuru, nikatoka, nikatembea mpaka getini na kurudi kabla sijaweza kumpigia mama.

Wiki jumuiya ilipokutana nyumbani kwetu, baada ya sala mama alisimama. Alisimama kama anavyosimama mwalimu, mikono imeshikana mbele. Aliwaambia kwamba yeye ndiye aliyewaambia dawa inapimwa, na sasa imepimwa kweli, na majibu ndiyo haya. Akanipisha. Nilieleza kwa kifupi. Walinisikiliza kwa heshima, baadhi kwa mashaka. Mama mmoja aliyefanya kazi kiwandani maisha yake yote aliuliza, kama vidonge havipo zahanati, na mara nyingi havipo, wanywe nini. Nilisema wasikae bila kupima, waende hospitali kubwa. Niliona jibu langu linavyowafikia na kuanguka chini. Mzee mwingine akauliza swali ambalo nilikuwa naliogopa.

"Umesema kidogo haikuwadhuru panya na presha ilishuka. Kidogo ni kiasi gani kwa mtu?"

Nikasema hatujui bado. Akasema basi yeye ataendelea kuchukua konzi ndogo. Mama akamkemea kwa jina lake la ubatizo, mbele ya watu, lakini mzee alitabasamu tu. Naamini anaendelea.

Mama sasa anakunywa vidonge. Analalamika kwamba vya kwanza vilimkohoza, wakambadilishia, na kwamba maji ya moto peke yake asubuhi hayana utamu. Damu yake ilipopimwa tena, haikuwa imeharibika zaidi. Daktari alisema tuombe ibaki hapo. Mimi kila nikiingia nyumbani nafungua sufuria. Ananiona, anaendelea na shughuli zake.

Mama mkubwa alishuka tena kutoka Mgeta kabla ya mvua za masika. Alikuwa ameacha kuchimba, akamwombea mumewe misa, na alitaka kitu kimoja tu: aone. Nilidhani anataka kuwaona panya. Alisema panya anawajua, wako darini kwake. Anataka kuona figo. Nilimwomba profesa, akakubali bila kuuliza. Alimwamkia kwa kuinama kidogo, akamwekea kiti kirefu, akamrekebishia darubini mwenyewe.

Nilimwekea kwanza figo ya panya aliyekunywa maji matupu. Aliziba jicho moja kwa kiganja, akatafuta, akasema haoni, kisha akatulia. Nilimweleza vijia ni vipi na kuta ni zipi. Halafu nikamwekea ile ya mizizi mingi.

Aliangalia kwa muda mrefu. Profesa alijifanya anasoma. Mimi nilishika ukingo wa meza, nikauachia, nikapanga slaidi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Hii rangi nyekundu ndiyo iliyobanduka?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Na alikuwa anasikia maumivu?"

Nilimwambia kwamba figo haziumi mapema, na hapo ndipo ubaya wake. Kwamba mtu anaweza kujiona mzima kwa muda mrefu. Alibaki ameinama juu ya darubini. Kisha akaomba nimrudishie ile ya kwanza, ile nzima. Nikamrudishia. Safari hii aliiangalia kwa muda mrefu kuliko hata ile ya mizizi mingi, na alipoinuka jicho lake lilikuwa na alama ya duara pale alipolikandamiza.

Alimshukuru profesa kwa kumpa mkono. Tulipotoka nje aliniuliza kama nimekula, nikasema bado, akanishika mkono tukaelekea kwenye mgahawa wa wanafunzi. Aliagiza wali na maharage kwa ajili yetu wote. Niliinuka kufuata maji, nikaketi, nikainuka kufuata kijiko.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Kula kwanza."

Nikakaa. Kesho yake nilikuwa na kundi jipya la panya wa kuanza kunywesha, safari hii kwa vipimo vidogo tu, vingi na vya karibu karibu, tutafute ni wapi hasa presha inashuka na figo zinabaki. Nilikuwa sijamwambia. Nilimwambia pale mezani, nikiwa na wali mdomoni. Aliacha kula, akafikiri, kisha akaniuliza ni mizizi ya wapi tutakayotumia.

Nikamwambia bado hatujapata.

"Nitakuchimbia," alisema. "Lakini ile ya kupima tu. Na safari hii naileta mwenyewe."